Chaki, njiti za kiberiti na dadu: gemu za vita zilivyofundisha (na kudanganya) wanamaji

Wiki hii bwenini kumekuwa na ubishi mkali na chanzo chake ni gemu. Kuna jamaa zetu wanacheza zile gemu za vita za baharini na angani ambazo hazina haraka kabisa. Mtu anakaa nusu saa anaangalia duara la rada na vialama vidogo vinavyotambaa, hakuna mlipuko, hakuna mtu anayekimbia na bunduki. Kundi moja linasema huo ni upotevu wa muda kwa mtu anayesoma kwa mkopo. Kundi la pili linasema yale nayo ni masomo. Mie nasoma ualimu na somo langu ni historia, kwa hiyo nikaona badala ya kushindana kwa sauti, tuiulize historia yenyewe. Je, mchezo ulishawahi kufundisha vita ya kweli? Na kama uliwahi, ulifundisha kwa sababu gani?

Jibu fupi ni ndiyo. Jibu refu lina masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyonikalisha maktaba.

Tuanzie Liverpool, Uingereza, Januari 1942. Hali ilikuwa mbaya jamani. Uingereza ni kisiwa, chakula na mafuta na silaha vilivuka Bahari ya Atlantiki kwa misafara ya meli za mizigo, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha usiku baada ya usiku. Jeshi la majini likamwita Kapteni Gilbert Roberts, mwanamaji ambaye mwaka 1938 alikuwa amestaafishwa kwa ajili ya kifua kikuu. Akapewa nafasi ghorofa ya juu ya jengo la Derby House, akaambiwa atafute dawa. Wengi wa wafanyakazi wake walikuwa mabinti wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini, wale walioitwa Wrens. Wengine walikuwa wa rika letu hili. Jean Laidlaw alikuwa na miaka 21, Janet Okell naye alikuwa kijana tu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amewahi kupigana baharini.

Vifaa vyao? Sakafu, chaki, vimeli vidogo na mapazia. Sakafu ilichorwa miraba ikawa bahari. Kila zamu ya mchezo ilihesabika kuwa dakika mbili za vita. Maofisa waliokuja kujifunza, makapteni wa meli za kusindikiza misafara, waliwekwa nyuma ya mapazia yenye matundu, na kwenye tundu waliona kile tu ambacho kapteni angekiona usiku akiwa baharini. Njia ya nyambizi ilichorwa kwa chaki ya kijani ambayo kwa rangi ya sakafu ile mtu wa nyuma ya pazia hakuweza kuiona vizuri, na njia za meli kwa chaki nyeupe. Angalieni hapo: kila mtu anajua kipande chake tu. Hiyo ndiyo siri ya kwanza ya mchezo mzuri wa vita. Ukimwonyesha mchezaji ramani nzima unamfundisha kitu ambacho hakipo duniani.

Sasa utamu wenyewe. Makapteni wengi waliamini nyambizi hurusha torpedo ikiwa nje ya msafara, kwa mbali, kisha hukimbia. Kwa hiyo meli ikipigwa, wao walitoka mbio kuelekea nje kumtafuta adui. Roberts na mabinti wake wakachukua taarifa za msafara wa kweli, HG 76, uliotoka Gibraltar Desemba 1941, wakauchora upya hatua kwa hatua. Hesabu ikagoma. Kwa mahali meli iliyopigwa ilipokuwa, haikuelekea kwamba torpedo ilitoka mbali kiasi hicho. Wakajaribu wazo jingine. Itakuwaje kama nyambizi inakuja kwa nyuma, usiku, ikiwa juu ya maji ambako ina kasi, inaingia katikati ya safu za meli kama mwizi aliyejichanganya na wageni wa harusi, inapiga kwa karibu, halafu inazama na kuuacha msafara upite juu yake? Hesabu ikakaa.

Kumbe wasindikizaji walikuwa wanakimbilia upande ambao mwizi hayupo! Mbinu mpya ikazaliwa hapo sakafuni: meli ikipigwa, wasindikizaji wanarudi nyuma ya msafara, wanajipanga mstari na kulisaga eneo lile kwa chombo cha kupiga sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake. Laidlaw akaipa jina la Raspberry. Ni jina la tunda, lakini kwa Waingereza ni pia ile sauti ya kutoa ulimi na kupuliza kumzomea mtu. Anayezomewa alikuwa Hitler.

Kuna kisa kimoja cha hapo ambacho hakichoshi. Novemba 1942 Admirali Max Horton alikabidhiwa ukuu wa eneo lile la bahari. Huyu mzee mwenyewe alikuwa nahodha wa nyambizi katika Vita Kuu ya Kwanza, tena hodari. Akaja pale juu, akataka kucheza upande wa nyambizi. Akazamishwa. Akaomba tena, akazamishwa. Inasimuliwa kwamba ilifika mara tano, na aliyekuwa akimzamisha kutoka nyuma ya pazia alikuwa Janet Okell. Horton hakuamuru matokeo yabadilishwe wala hakumfukuza mtu. Aliendelea kuwatuma maofisa wake pale, na hadi vita inakwisha 1945 maofisa karibu 5,000 walikuwa wamepita kwenye sakafu ile, Waingereza, Wakanada, Wanorwei, Wapoland na wengineo.

Mei 1943 Wajerumani walipoteza nyambizi 41 kwa mwezi mmoja, na Admirali Dönitz akaziondoa Atlantiki ya kaskazini. Tusidanganyane, chaki peke yake haikufanya hivyo. Kulikuwa na rada ndogo za kwenye meli na ndege, ndege za masafa marefu, mitambo ya kunasa sauti za redio, na watu waliokuwa wakisoma siri za adui. Lakini vifaa hivyo vyote vilihitaji kapteni anayejua apeleke meli yake wapi katika zile dakika kumi za kwanza, na hicho ndicho kilichofundishwa sakafuni.

Hiyo ni bahari. Angani nako kulikuwa na darasa, na lilikuwa dogo zaidi. Mwaka 1941 rubani wa jeshi la majini la Marekani, John Thach, alisoma taarifa kwamba Wajapani wana ndege ya kivita inayopanda haraka na kukata kona kuliko ndege yake. Vita na Japani kwa Marekani ilikuwa bado. Usiku, nyumbani kwake California, akawa anapanga njiti za kiberiti juu ya meza ya jikoni. Kila njiti ndege. Swali lake: mwenye ndege dhaifu afanye nini?

Njiti zikamjibu hivi. Ndege ziruke mbili mbili, ubavu kwa ubavu, zikiachana nafasi ya kutosha kukata kona. Adui akimkalia mmoja mgongoni, wote wawili wanageuka kuelekeana. Sasa yule adui akiendelea kumfuata windo lake, anajikuta mbele ya bunduki za mwenzake. Akiacha, windo limeponyoka. Wamarekani waliiita jina la mwenyewe, mfumo wa Thach.

Ila hapo hakuishia mezani. Aliipeleka hewani, na alivyoijaribu ndivyo nilivyompendea. Kundi lake mwenyewe alilizuia lisitumie nguvu yote ya injini, halafu akamwambia rubani mwenzake Butch O'Hare aje amshambulie kwa nguvu yote. Yaani alijinyima makusudi, akampa mpinzani kila nafasi. O'Hare alijaribu na kujaribu, kila akisogea anakutana na pua ya ndege inayomtazama. Thach aliutumia mfumo huo kwa mara ya kwanza vitani tarehe 4 Juni 1942, huko Midway.

Midway. Na sasa twende upande wa pili wa vita ileile, maana huko nako walicheza.

Kwanza niwape kipande kinachotugusa sisi wa pwani hii. Aprili 1942 Admirali Nagumo wa Japani aliingia Bahari ya Hindi na manowari 5 kubwa za kubeba ndege. Tarehe 5 alishambulia Colombo, na ndege zake zikazizamisha manowari za Kiingereza Dorsetshire na Cornwall. Tarehe 9 ilikuwa zamu ya Trincomalee, na Hermes, manowari ya kubeba ndege, ikaenda chini. Waingereza wakaona Ceylon hapakaliki, makao ya kikosi chao cha mashariki yakahamishiwa Kilindini, Mombasa. Hivyo bandari ya Mombasa iliingia kwenye historia hii kama mahali pa kukimbilia.

Lakini siku ileile ya tarehe 9 lilitokea jambo dogo. Ndege 9 za Kiingereza aina ya Blenheim ziliikuta meli ya Nagumo mwenyewe, Akagi, na Wajapani hawakuziona mpaka mabomu yalipoanza kuanguka majini karibu na meli. Hakuna lililopiga. Mshambuliaji alikuwa amefika juu ya vichwa vyao bila kuonekana, na wao wakayachukulia kama bahati mbaya ya adui aliyekosa shabaha.

Wakarudi Japani wakiwa washindi. Mei 1942, ndani ya manowari Yamato, wakafanya mchezo wa mezani wa kuijaribu mipango ya Midway. Refa mkuu alikuwa Admirali Matome Ugaki, mnadhimu mkuu wa majeshi yao ya majini. Katika mchezo ndege za Wamarekani kutoka kisiwani zikashambulia meli za Nagumo. Dadu ikarushwa: mabomu 9 yamepiga, Akagi na Kaga zimezama. Ugaki akasema hapana, tuhesabu mabomu 3. Kaga ikawa imezama, Akagi imejeruhiwa kidogo. Baadaye, kwenye mchezo wa hatua iliyofuata, Kaga ikaonekana tena inaelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki huishia hapo, wakacheka, wakasema Ugaki alidanganya. Mie naomba tumtendee haki. Siku ya vita yenyewe ndege za kutoka kisiwa cha Midway zilishambulia kweli, na hazikupiga manowari ya kubeba ndege hata moja. Kwa hesabu hiyo Ugaki alikuwa karibu na ukweli kuliko dadu. Tena ni yeye aliyewauliza maofisa wa Nagumo: mkiwa mmetuma ndege zenu kisiwani, na manowari za Marekani zikatokea ubavuni, mtafanyaje? Swali zuri kuliko yote pale mezani. Jibu alilopewa lilikuwa la majigambo, halikuwa mpango. Ikatolewa amri nusu ya ndege zibaki na silaha za kupigia meli, wakaendelea.

Tarehe 4 Juni 1942 asubuhi Nagumo alituma ndege kisiwani. Saa moja na robo akaamuru ndege za akiba zibadilishiwe silaha, ziwekwe mabomu ya nchi kavu. Amri ya kuziacha na silaha za meli ikawa imekufa. Haukupita muda mrefu taarifa ikaja: meli za Marekani zimeonekana. Akaamuru tena silaha zibadilishwe. Karibu saa nne na nusu, ndege za kutumbukia za Wamarekani zikafika juu bila kuonekana, kama wale Blenheim wa Aprili, na ndani ya dakika chache Akagi, Kaga na Soryu zilikuwa zinaungua. Hiryu ikafuata jioni. Manowari zote 4 zikapotea.

Kwa hiyo kosa la mchezo wa Yamato sikuliona kwenye yale mabomu 9 au 3. Nililiona pale swali lilipoulizwa na hakuna aliyelazimishwa kulijibu mpaka mwisho. Liverpool admirali mzima alicheza mara tano akitafuta njia ya kupona. Kwenye Yamato mpango ulikuwa umeshapendwa, mchezo ukawa wa kuubariki.

Sasa turudi kwenye kompyuta za washikaji wetu. Mwaka 1980 Larry Bond, aliyekuwa ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alitoa mchezo wa mezani ulioitwa Harpoon. Chombo chake cha mafunzo kazini kilikuwa cha siri, akatengeneza cha raia. Toleo la kompyuta likaja 1989. Mwandishi Tom Clancy aliutumia mchezo huo pamoja na Bond walipokuwa wakiandaa riwaya ya Red Storm Rising, iliyotoka 1986. Vita moja kubwa ya humo waliicheza mezani kwanza waone inaendaje.

Kinachofanya gemu za ukoo huu zionekane za polepole ni kwamba vita ya siku hizi majini ni vita ya nani amemwona nani kwanza. Chukua mfano wa rada. Dunia ni duara. Rada iliyo juu ya mlingoti wa mita 20 inaiona meli nyingine yenye kimo hicho kwa karibu kilomita 37 tu, zaidi ya hapo iko nyuma ya upinde wa dunia. Ndege iliyo mita 9,000 juu inaona uso wa bahari hadi karibu kilomita 390. Ndiyo maana mwenye ndege anamtawala asiye nayo. Halafu kuna upande wa pili: wimbi la rada lazima liende na lirudi ndipo uone, lakini adui anahitaji lile la kwenda tu ili akusikie. Ukiwasha rada ni kama kuwasha tochi kwenye shamba lenye giza, kabla hujamwona mwizi yeye ameshakuona. Kwa hiyo mchezaji mzuri anazima, anasubiri, anasikiliza. Kwa anayepita nyuma ya kiti chake anaonekana kama amelala.

Na tusidhani tabia ya Yamato iliishia Yamato. Julai na Agosti 2002 Marekani ilifanya mazoezi makubwa yaliyoitwa Millennium Challenge, yaliyogharimu kama dola milioni 250. Upande wa adui alipewa jenerali mstaafu Paul Van Riper. Huyu akakataa kuongea kwenye redio ambazo zingenaswa, akatumia wapanda pikipiki kupeleka ujumbe, kisha akarusha makombora mengi kwa mara moja na kutuma boti ndogo ndogo. Manowari 16 zikahesabiwa zimezama. Waandaaji wakaziinua kutoka chini ya bahari, mazoezi yakaendelea, na upande wa Van Riper ukawekewa masharti. Akajiondoa katika uongozi wa upande wake. Waandaaji nao walikuwa na hoja: maelfu ya askari walikuwa tayari wamekusanywa kujaribu mambo mengine mengi, usingeweza kuwaambia warudi nyumbani siku za mwanzo. Sawa. Lakini kuziinua meli ni jambo moja, na kukaa chini kuuliza zilizamaje ni jambo lingine.

Basi hukumu yangu kwa ubishi wa bwenini ni hii. Gemu ni masomo, kwa sharti moja. Nimewaangalia wachezaji wetu. Meli ikipigwa tu, mtu anarudi kwenye sehemu aliyohifadhi dakika tano nyuma na kuanza tena kana kwamba hakuna kitu. Ndugu yangu, hiyo ni Kaga inaibuka baharini. Ukitaka kujifunza, iache izame, kaa nayo, jiulize ulikuwa unatazama wapi. Na sisi tunaokwenda kufundisha tulibebe hili: zoezi ambalo mwalimu ameshaamua jibu litakalotoka, na anasukuma darasa mpaka litoke, halimfundishi mtoto wala mwalimu.

Kuna kitu kimoja ambacho gemu haina, na siwezi kumaliza bila kukisema. Februari 1944 msafara wa meli 5 za askari ulitoka Kilindini kwenda Colombo, ukisindikizwa na kruza Hawkins na manowari mbili ndogo, Petard na Paladin. Ndani ya meli moja, Khedive Ismail, kulikuwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, namba 301, vijana wa huku kwetu, pamoja na wauguzi na wanamaji. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa torpedo mbili. Ilizama kwa dakika kama mbili. Kisha I-27 ikajificha chini, mahali palepale walionusurika walipokuwa wakielea. Zilibaki meli nyingine 4 zimejaa watu. Manowari zile zikadondosha mabomu ya kulipuka chini ya maji, na watu wao wenyewe wakiwa majini. Nyambizi ikalazimika kuibuka. Paladin ikajaribu kuigonga ikachanika yenyewe, mwishowe Petard ikaizamisha kwa torpedo. Waliokufa wa Khedive Ismail walikuwa karibu 1,300.

Kwenye kompyuta mabomu hayo unayadondosha kwa kubonyeza, na hatua hiyo ni sahihi kabisa kimbinu. Sakafu ya Liverpool nayo ingesema ni sahihi. Lakini hakuna mchezo niliousoma unaoweka watu kwenye maji juu ya nyambizi na kukuuliza uamue.

Majina ya askari wale wa Afrika Mashariki yameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Wenzangu wa historia mtakaopita Nairobi likizo, tengeni saa moja mkayasome.